Ngamia Anayetazama Maneno

Tovuti yangu ni mbaya. Sikatai. Rangi yake ya nyuma ni ya gazeti lililosahauliwa juani, herufi zake ni nyeusi na nene, na picha haina hata moja. Watu waliosoma wameniambia usoni kwamba inafanana na kitu kilichotengenezwa kabla hawajazaliwa. Huwa nawajibu kwamba hata mama zao walikuwepo kabla hawajazaliwa, na bado wanakwenda kula kwao.

Inaitwa Baadi, na hapa mjini Burao hakuna asiyejua maana yake katika lugha yetu: mnyama aliyepotea. Ukimkuta ngamia mgeni amejichanganya na wa kwako, unanipigia simu. Naandika mstari mmoja tu: jike au dume, rangi, umri, mahali alipookotwa. Chapa yake siiandiki. Chapa ya moto ndiyo ushahidi wa mwenye mali. Ya ukoo inaweza kujulikana na wengi, lakini kila familia huongeza lake, kanukta hapa, kamkia pale, na huchagua mahali pa kuiweka mwilini. Kwa hiyo anayekuja kudai ananieleza chapa ikoje na iko wapi, nami nayapeleka maneno yake kwa yule aliyempata mnyama. Huyo ndiye anayemtazama ngamia na kuamua. Maneno yakilingana, mnyama anarudi kwao. Yasipolingana, mdai anakwenda zake na aibu yake.

Sasa fikiria ngamia akipewa mtu ambaye si wake. Hapo hakuna cha polisi. Koo mbili zitakaa chini wiki nzima zikinywa chai yenye hasira, na zikishindwa kuelewana kwenye chai, zitatafuta bunduki. Ikitokea mara moja tu kwa sababu yangu, hakuna mfugaji atakayenipigia tena, na Baadi imekufa. Hilo ndilo ninalolinda. Uzuri wa ukurasa sijawahi kulala nikiuwaza.

Libaan yeye aliuwaza sana. Libaan ni mtoto wa ami yangu, na nusu ya tovuti ni yake. Mimi nina watu, yeye ana mitambo. Alisomea kompyuta Malaysia, akarudi na cheti, na suruali za kubana, na tabia ya kukuna kidevu kila anapofungua ukurasa wetu. Ni kijana mwema. Tatizo lake ni moja tu, anaona haya kwa niaba ya vitu visivyoona haya vyenyewe.

Mwaka huo likatangazwa onyesho la tovuti mjini Hargeisa. Itakayoshinda ingewekwa mbele kabisa kwenye ukurasa wa kampuni moja ya simu, ule ambao kila mtu huukuta akifungua intaneti, kuanzia Borama hadi Erigavo. Libaan aliposikia hivyo hakulala. Asubuhi nikamkuta ameshafika kwenye chumba chetu juu ya duka la dawa, kompyuta wazi, chai imepoa.

"Dada Filsan," akasema, "kwa sura hii hatuendi Hargeisa."

"Sura inaumwa?"

"Unanielewa vizuri tu. Dunia imebadilika. Kuna mitindo. Tovuti ni kama nguo, huwezi kwenda harusini na nguo ya kukamulia."

"Anayekwenda kukamua na nguo ya harusi je?"

Akakuna kidevu. Lakini nikamwambia alete mitindo yake mmoja mmoja, niutazame, na ule utakaonishawishi nitaupokea. Sikutaka aseme kwa shangazi zake kwamba nimekataa bila kuona.

Wa kwanza ulikuwa weusi. Siku hizi, alisema, kila kitu ni cheusi nyuma na maandishi meupe juu, kunapumzisha macho. Nikamuuliza macho ya nani. Akasema ya watumiaji. Nikamwambia basi twende tukawaulize, nikajifunga shungi tukashuka hadi soko la mifugo, jua la saa sita limesimama utosini, ngamia wanapiga kelele na madalali wanawashinda kwa kelele. Tukampa simu dalali mmoja mnene tunayemfahamu, mtu wa mzaha, tukamwomba asome.

Akaitazama. Akaipeleka mbali, akaileta karibu, akaikinga kwa kiganja.

"Unaona nini?" Libaan akauliza.

"Naona uso wangu," dalali akasema. "Walaahi, Libaan, nimezeeka hivi na hamkuniambia?"

Weusi ukaishia pale. Mtindo wa pili ulikuwa wa kuficha kila kitu nyuma ya vistari vitatu vidogo pembeni, ili ukurasa ubaki mweupe na mtulivu. Huo tulimpelekea shangazi Saynab, anayeuza maziwa ya ngamia kwenye kona ya soko. Tukamwambia atafute mahali pa kusema amepoteza mnyama. Alihangaika na ule weupe mpaka Libaan akashindwa kuvumilia, akamwonyesha vile vistari kwa kidole.

"Kumbe mlango uko huku," shangazi akasema. "Na mmeuficha mnamkimbia nani?"

Wa tatu ulikuwa ukurasa usio na mwisho, unaoshuka na kushuka huku ukijiongeza wenyewe. Huo niliukataa bila kumsumbua mtu. Aliyepotelewa na ngamia yuko porini na bando dogo, na bando litakwisha kabla hajafika alipoandikwa ngamia wake. Hata Libaan aliliona hilo, ingawa aliliona akiwa amenuna.

Lakini alipokuja na wa sauti, nilimkatiza kabla hajamaliza.

"Mtu anabonyeza hapa," alikuwa akisema, "anaongea, na maneno yake yanakuja kwako kama alivyoyasema, hana haja ya—"

"Hiyo nipe."

"Nini?"

"Nipe hiyo, iweke leo. Wenye kuandika sisi ni wachache, Libaan. Wenye kusema tumejaa nchi nzima."

Alinitazama kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akaukuta wazi. Alidhani mimi ni adui wa mambo mapya. Mimi si adui wa kipya. Kipya kikibisha hodi kiniambie kimekuja kufanya kazi gani, kikijibu kinakaribishwa chai, kisipojibu kinarudi kilikotoka.

Wa mwisho ndio alioupenda kuliko yote, na aliuweka wa mwisho makusudi. Picha kubwa. Picha moja inayojaza kioo kizima, mtu akifungua tu anakutana na ngamia mzima mbele yake, na maneno machache pembeni.

"Na chapa yake?" nikauliza.

"Itaonekana, ndiyo uzuri wenyewe. Ni utamaduni wetu ule."

"Libaan, umelala?"

"Sikiliza kwanza—"

"Chapa ndiyo tunayowauliza wadai. Unataka niwaulize swali huku nimewabandikia jibu ukutani? Hapana."

"Basi tuonyeshe picha bila shingo na mashavu."

"Ngamia asiye na kichwa. Watu wa Hargeisa watafurahi sana. Kama unataka picha, ipake ukungu pale penye chapa."

Akakunja uso. Alisema picha nzuri ukiipaka ukungu shavuni, mnyama anafanana na mtuhumiwa gazetini. Nikamwambia basi hakuna picha, na neno hilo nililisema mara moja tu, taratibu, na wanaonijua wanajua maana ya mimi kusema taratibu. Akafunga kompyuta. Nikadhani tumemaliza.

Ijumaa nikashuka Berbera kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu. Joto la kule, ngoma, na wanawake wenzangu niliokuwa sijawaona tangu masika, vyote vikanifanya niitie simu kwenye mkoba na kuisahau humo. Niliporudi Burao Jumapili, ngazi za kupandia chumbani kwetu zilikuwa zimeziba. Wanaume walikuwa wamekaa kila kipandio, wengine wananong'ona, wengine wametazamana kwa macho mabaya. Libaan alikuwa juu mlangoni, anameremeta.

"Umeona watu, dada? Siku mbili tu za sura mpya, na tazama watu."

Nikampita, nikaenda kwenye kompyuta.

Ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, na nilikasirika zaidi kwa sababu ilikuwa nzuri. Ngamia jike wa rangi ya hudhurungi alijaza kioo kizima, tumbo limemjaa mimba, jua la asubuhi limempaka mgongoni. Alikuwa ameinua kichwa anayatazama maneno yaliyoandikwa kando yake: Je, ni wako? Na shavuni kwake, wazi kabisa, ndoano na nukta mbili chini yake, chapa iliyochomwa kwa moto ili isemwe na mwenyewe peke yake.

"Imetoka wapi hii?" nikauliza.

Imetoka kwa ami Diriye, Libaan akasema. Ami Diriye, namwita ami kwa heshima tu, ni mfugaji wa upande wa Odweyne, mzee mkali ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiniletea habari za wanyama waliopotea. Alimwokota huyo jike, akaona anakaribia kuzaa, akapiga picha na kuituma ili tuone jinsi hali ilivyo na tufanye haraka. Aliituma kwetu sisi. Hakuituma kwa dunia.

"Na wewe ukaipeleka wapi?"

"Dada, onyesho ni wiki ijayo. Nilitaka tu uione ikiwa tayari. Nilijua ukiiona—"

"Nimeiona. Waite hao wa kwenye ngazi."

Waliingia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo mwenye ndevu za hina. Ndoano na nukta mbili, akasema, shavu la kulia. Wa pili akasema ndoano, nukta mbili, shavu la kulia. Wa tatu aliyasema hayo hayo na akaongeza nywele za sikioni. Wa nne, kijana mwenye miwani ya jua iliyopachikwa utosini, hakunitazama hata. Aliyataja kama anayeagiza mkate wa lahoh na ini mgahawani. Wote waliapa. Na mimi nimekaa pale, kalamu mkononi. Kama mmoja wao alikuwa mwenye mali, sikuwa na njia ya kumjua. Kama hakuna, sikuwa na njia ya kujua hilo pia. Libaan alikuwa amegawa majibu ya mtihani kabla ya mtihani, kisha akasimama mlangoni akifurahia wingi wa watahiniwa.

Wakati bado nawaza nimpigie vipi ami Diriye, na kwa uso gani, akapanda mama mmoja. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini na alikuwa anahema. Alisema anaitwa Ambaro, mjane, ametoka mbali kwa lori la maziwa. Kusoma hajui. Mtu alimwambia kisimani kwamba huku Burao kuna habari za jike wa hudhurungi mwenye mimba.

"Ndiye aliyenibakia," akasema. "Wengine ukame uliwamaliza. Nilimfunga vizuri, sijui alikataje kamba."

"Pole, shangazi. Kaa. Chapa yake ikoje?"

"Ndoano. Nukta mbili chini yake. Shavu la kushoto."

Chumba kizima kikacheka. Hawakuwa wametoka wale wanne, walikuwa wamejipanga ukutani wakichungana. Yule mwenye miwani akajipiga paja.

"Mama, karibu umepata," akasema. "Bahati mbaya ngamia ana mashavu mawili tu, na umechagua lisilo lake." Akamsogezea simu mbele ya uso. "Tazama mwenyewe. Kulia au kushoto?"

Ambaro aliishika simu kwa mikono miwili. Akapitisha dole gumba juu ya kioo kama anayempapasa shingo, na nikajua bila shaka yoyote kwamba anamjua yule mnyama. Kisha akairudisha.

"Huyu ni ngamia wangu," akasema. "Na picha yenu inasema uongo."

Wakacheka zaidi. Mwenye ndevu za hina akasema picha haina ulimi, itasemaje uongo.

"Sijui inasemaje," Ambaro akajibu. "Mimi nilimshika kichwa siku anachomwa. Marehemu mume wangu alisimama na chuma upande huu, mimi nilisimama huku, na moshi ulinijia mimi. Ni shavu la kushoto."

"Shangazi," nikamwambia kwa kumwonea huruma, "hebu fikiri tena. Una hakika?"

Akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu aliyechoka kiasi kile.

"Hao wengine umewaambia wafikiri tena?"

"Hapana."

"Basi na mimi usiniambie. Andika kushoto."

Nikaandika kushoto. Nikamshika Libaan mkono wa shati, nikamwingiza chumba cha nyuma kwenye mitambo yake, nikafunga mlango na kumpigia ami Diriye. Sikumzungusha. Nilimwambia wadai ni watano, chapa wote wameitaja sawasawa, wanne wanasema shavu la kulia na mmoja anasema la kushoto.

Kwanza nikasikia upepo. Halafu nikasikia mzee anamwambia mnyama atulie.

"La kulia?" akasema. "Filsan, binti yangu, shavu la kulia la huyu lina kupe tu. Chapa iko kwenye la kushoto, ninaishika hapa sasa hivi. Huyo mmoja ni nani?"

Nikamwambia ni mjane anayeitwa Ambaro, huku namtazama Libaan. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Niliigeuza," akasema kwa sauti ndogo.

"Uligeuza nini?"

"Picha. Ngamia alikuwa anatazama nje ya ukurasa. Ndivyo tunavyofundishwa, mtu au mnyama kwenye picha lazima atazame maneno, kwa sababu jicho la msomaji linafuata jicho lake. Maneno yako kulia, yeye alikuwa anatazama kushoto. Nikaigeuza, kama vile kwenye kioo. Shavu la kushoto likawa la kulia. Sikufikiri, dada. Yaani hata sikufikiri."

Nikamwacha ameegemea ukuta, nikatoka.

"Nani alisema kulia?" nikauliza.

Wote wanne, kwa pamoja, na mwenye ndevu za hina akaongeza kiapo kingine juu ya kile cha kwanza.

"Nyote shukeni ngazi."

"Unamaanisha nini?" yule mwenye miwani akaja juu. "Tovuti yenu wenyewe inaonyesha kulia!"

"Nilikuuliza kuhusu ngamia wako, wewe umenijibu kuhusu ukurasa wangu. Shuka."

Alibisha kidogo, akataja ukoo wake, akataja na wa mama yake. Nikamwambia ukoo wake ni wa heshima na nitawapigia wazee wake waje wanieleze jinsi alivyoichoma chapa asiyoijua iliko. Alishuka, na wenzake walishuka mbele yake.

Ambaro hakushangilia. Alikunywa chai niliyompa, nikamwelekeza alipo ami Diriye, nikamtafutia gari linalokwenda upande ule. Mlangoni akageuka, akaitazama kompyuta pale ngamia wake alipokuwa bado anayatazama maneno.

"Itoe hiyo," akasema. "Mtoto wa watu mnamwanika kama nguo."

Ami Diriye alipiga mwenyewe jioni ile. Mama amefika, akasema, mnyama alimsikia sauti yake kabla hajashuka garini. Nikamweleza habari ya picha iliyogeuzwa, na nilipotaka kumshukuru akanikata kauli.

"Leo Mungu amekufunika, binti yangu. Kesho kijana wako hataigeuza picha, na mwizi atanitajia shavu lenyewe, nami nitampa mali ya mjane kwa mkono wangu huu. Nikisikia bado kuna picha huko, usitegemee simu yangu. Nitafunga wanyama nje ya msikiti na kuwatangaza kwa kelele kama alivyofanya babu yangu."

Libaan aliyasikia yote, maana mzee haongei na simu, anaipigia kelele. Ungedhani yamemwingia. Lakini alikuwa amekwisha kupata nafuu, na aliyekuwa hana rangi saa chache nyuma sasa alikuwa na hoja.

"Lakini dada, hebu itazame kwa upande mwingine. Sura mpya ndiyo iliyowakamata wezi. Bila ile picha tusingewajua."

"Bila ile picha wasingekuja."

"Tunaweza kuzigeuza zote. Kila picha tunaigeuza, ni mtego. Hargeisa watapenda, hakuna mwenye kitu kama hicho."

"Na siku wakijua unageuza, nao hawatageuza? Wezi ni wajinga peke yao, wewe ndiye uliyesoma?"

"Unanidhalilisha."

"Nakuuliza."

"Nusu ya Baadi ni yangu," akasema hatimaye. "Hata mimi nina neno."

"Unalo. Chukua nusu yenye picha. Mimi nachukua nusu yenye simu ya ami Diriye, na ya Ambaro, na ya kila mfugaji anayeniamini kwa sababu sijawahi kuanika kilicho chake. Tugawane leo leo. Nenda Hargeisa na nusu yako nzuri, uwaonyeshe, ukirudi uniambie ni nani amekuletea ngamia."

Alivaa viatu akatoka, na kesho yake alikaa na wenzake alasiri nzima akitafuna mirungi bila kusema neno, jambo ambalo kwa mtafuna mirungi ni ugonjwa. Mama yake alinipigia kuniuliza nimemfanya nini mtoto wake. Nilimwambia sijamfanya kitu, anafikiri, atapona. Usiku ulipoingia nikafungua simu yangu, nikakuta ukurasa umerudi kama zamani, rangi ya gazeti la juani, herufi nene, mstari mmoja kwa kila mnyama. Juu kabisa kulikuwa na kitufe kikubwa cha kuongea, na hakukuwa na kitu kingine kipya.

Hargeisa tulikwenda wote wawili, hatuongei sana. Onyesho lilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, na waliotangulia walikuwa na tovuti ambazo vitu viliruka, vikafifia, vikazunguka na kuja mbele yako vikiwa vimebadilika rangi. Makofi yalikuwa mengi. Zamu yetu ilipofika na Baadi ikatokea kwenye kile kioo kikubwa ukutani, kicheko kilianzia nyuma na kikaja hadi mstari wa mbele. Libaan aliinamisha kichwa. Mimi nilisubiri wamalize, maana nilikuwa na muda.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Injinia Samatar, mtu mzima mwenye suti ya kijivu na sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alikuwa mpole. Nilimchukia zaidi kwa huo upole.

"Binti," akasema kwenye kipaza sauti, "wazo lenu ni zuri na la kwetu. Lakini leo mtu anataka kuona. Hata picha moja? Kwa nini mnamnyima mtumiaji picha?"

"Mtumiaji gani, Injinia?"

"Yeyote. Aliyepoteza ngamia."

"Aliyepoteza ngamia anamjua ngamia wake. Amemwona akizaliwa, amemshika kichwa akichomwa. Picha ya nini kwake? Anayehitaji picha ni yule ambaye hajawahi kumwona, na huyo simtengenezei tovuti."

Wachache wakacheka, safari hii si kwa kunidhihaki. Injinia akatabasamu, akaandika kitu.

"Hamtafika mbali hivyo," akasema.

"Tumefika kila kisima, kuanzia hapa hadi Odweyne na kupita. Mbali kwenu ni wapi?"

Hatukushinda. Hatukutajwa hata katika wale wa kutiwa moyo. Ilishinda tovuti ya kuuza manukato ambayo chupa yake ilikuwa inajizungusha yenyewe, na kwa kweli ilijizungusha vizuri.

Wakati watu wanakunywa chai, Injinia Samatar akatujia, kikombe mkononi. Alitusifu tena kwa ule upole wake. Kisha akabaki pale pale, akikoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Ndugu yangu huko Ainabo amepotelewa na dume," akasema. "Mkubwa, mweupe. Mwezi sasa. Mnaweza kutazama kama kuna mtu amempata?"

"Tunaweza. Chapa yake?"

Akafungua mdomo. Akautazama ukumbi, watu walivyosongamana, kipaza sauti ambacho bado kilikuwa wazi, vijana wawili wanaokula sambusa nyuma yetu. Akaufunga.

"Sema tu, Injinia," nikamwambia. "Au tuiweke kwenye kile kioo kikubwa? Mtu anataka kuona."

Alinitazama vibaya, na nadhani alikuwa na haki. Akamshika Libaan mkono, akamvuta hadi nyuma ya pazia la jukwaa. Nikawaona miguu tu, viatu vinne vimekaribiana sana.

Libaan aliporudi nikamuuliza chapa yenyewe ikoje, niiandike kabla haijamtoka kichwani. Akageuka kuwatazama wale vijana wa sambusa, akanigeukia.

"Tukifika garini," akasema.